Tulishika Ukuta Pamoja na Mwalimu

Sifa zote zimrudie Mungu, ndugu zangu. Mimi ni Mama Njeri wa Riruta, mnanijua kwa kwaya. Leo siimbi, natoa ushuhuda.

Mume wangu alipofariki, kifua changu kilijifunga. Nilikuwa naamka nikitafuta hewa kama mtu anayezama. Hospitali walinipima, hawakuona kitu. Mwenzangu wa kazini kule Hurlingham akanipeleka kwa mzee mmoja kutoka India, aliyefundisha yoga katika ukumbi ulio juu ya maduka. Wanafunzi wake walimwita Guruji, yaani mwalimu mheshimiwa. Nilienda nikiogopa mapepo, nawaambia ukweli. Lakini mzee alinifundisha kupumua polepole tu, na nilipomfuata Jumapili akanirudisha: "Mama, leo enda kanisa kwanza. Mimi niko hapa kesho." Ndugu zangu, kifua kilifunguka. Nikapata usingizi.

Basi tukamweka juu sana yule mzee. Alipoanza kukonda, tulisema anafunga. Akawa anashika ukuta kabla ya kuinama, nasi tukashika ukuta, tukidhani ni zoezi jipya. Asubuhi moja aliketi akasema, "Leo nimechoka sana." Tukafumba macho sote, tukayatafakari maneno yake. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza, "Mzee, wapi panauma?"

Kumbe alikuwa na ugonjwa wa tumbo, tena wa muda mrefu. Wiki hiyo hiyo alizirai. Daktari alituuliza kama tulikuwa tukimwona kila siku, tukasema ndiyo, kila siku. Hakurudi ukumbini tena, alifia hospitalini, na mpaka sasa inaniuma. Wageni wanaokuja pale bado wanafundishwa kushika ukuta. Nilijaribu kuwaeleza, wakaniambia hayo ndiyo mafundisho aliyotuachia Guruji.

Mungu amenifungua mara mbili, kifua kwanza, halafu macho. Nililia nikimwomba anitoe katika heshima ile ya kumtukuza mtu mpaka humwoni. Nawasihi mumtegemee Yeye, kwa sababu Yeye hachoki. Binadamu huchoka. Pasta wetu ameketi pale mbele, na huku nyuma tunasema amekonda kwa ajili ya maombi. Nani kati yetu amemuuliza kama analala?

Samahani, Pasta. Unaumwa wapi?