Mfuniko Nyuma ya Mlango: Maisha ya Mama Anésie Nizigama, 1971–2019

Saa nane za usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 12 Machi 2019, mfuniko wa sufuria ulianguka kwenye sakafu ya nyumba hii ya Gungu, ukazunguka na kulia kwa muda mrefu, na majirani waliousikia hawakuuliza ni nini, kwa sababu walijua kwamba kila jioni Mama Anésie aliutundika kwenye msumari nyuma ya mlango, ili mtu akisukuma tu, uanguke, naye aamke. Usiku huo hakuna aliyesukuma kutoka nje. Ni yeye mwenyewe aliyeufungua mlango, akitafuta hewa.

Katekista, wazee wetu, mama zetu, majirani, na ninyi mliotoka Kibirizi na Kalinzi, historia hii imeandikwa na binti yake Iradukunda, ndiye huyu anayeisoma akiwa na mtoto mgongoni, na kama sauti yake inakimbia mumvumilie, atajitahidi kufuata mpangilio.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1971 huko Nyanza-Lac, nchini Burundi, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Niyibizi, aliyekamua mawese, na Mama Leonia, wote wawili wametangulia, akabatizwa mwaka huohuo, na waliomjua utotoni walisema alikuwa mtoto wa kulala popote, hata juu ya magunia, mama yake anamtafuta mpaka anamkanyaga, habari ambayo sisi tuliomjua baadaye tulipoisikia tulicheka, tukadhani anasimuliwa mtu mwingine.

Alianza shule ya msingi mwaka 1978, akamaliza mwaka 1984, hakuendelea, akabaki nyumbani akimsaidia baba yake kazi ya mawese, na tarehe 11 Julai 1992 akafunga ndoa kanisani na Minani, fundi cherehani, na kwa ndoa hiyo akapata wifi, Lyse, mdogo wake Minani, msichana mcheshi, wakasukana nywele, wakaazimana kanga, hata watu wakadhani ni ndugu wa tumbo moja.

Mwezi Novemba 1996 vita vilifika kwao. Marehemu alilala akiwa na mume, asubuhi alikuwa mjane mwenye mimba ya miezi mitatu, na hapo katikati historia hii haiingii. Mzee Jeremia, baba mdogo wa Minani na Lyse, juzi jioni alisema, na alisema kwa upendo wake, "Binti, historia bila usiku ule ni ugali mkavu, watu wametoka mbali, na kwani nani asiyeyajua mambo hayo?" Ndiyo, Babu, shikamoo, wanayajua wote, na hapo ndipo penyewe, subirini mtaona. Ila lisikike moja, Lyse usiku huo hakuwapo, alikuwa Rumonge kwa shangazi yake, wakaja kukutana ufukweni siku ya pili, wakapanda boti moja, wakashuka Kibirizi, upande huu wa mpaka, na nguo walizovaa, wakapelekwa kambini wilaya ya Kasulu, na humo, chini ya turubai moja na wifi yake, tarehe 9 Mei 1997, Mama Anésie alijifungua mtoto wake wa pekee, Iradukunda.

Kuanzia hapo hakulala. Turubai likipigwa na upepo, moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, tumbo linafunga, mikono inakuwa baridi, asubuhi anapimwa malaria, haionekani, wengine wakasema ni mapepo, wengine wakasema anajidekeza, mpaka mwaka 2003 alipofika kambini muuguzi wa afya ya akili, Dada Melania, yupo pale amekaa karibu na mlango, akamwekea kigoda akamweleza kwa maneno ambayo marehemu aliyarudia mara nyingi mpaka mwanawe akayashika kama somo la baiolojia: kwamba ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo kama punje ya karanga, kazi yake ni kupiga kengele ya hatari, haina muda wa kufikiri, ikishtuka inaziamrisha sehemu nyingine, amri inashuka hadi kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, tezi zinamwaga homoni kwenye damu, ndiyo moyo unakimbia, sukari inapanda, usingizi unatoroka, yote hayo ili mtu aweze kupona. Na nyuma ya paji la uso kuna sehemu nyingine yenye kazi ya kuiambia kengele inyamaze, hilo ni turubai tu, usiku ule umepita, lakini kwa mtu aliyeogopa mno na kwa muda mrefu mnyamazishaji huyo anachoka, kengele inabaki inalia yenyewe. Tena akamwambia, kuna wakati mwili ukiona hauna pa kukimbilia unafanya kinyume, unazima, sauti inakuwa bapa, machozi yanakauka. "Umeona kuku sokoni, Mama Iradukunda? Ukimshika miguu ukamgeuza kichwa chini, anatulia tuli. Unadhani haogopi?" Marehemu alicheka siku hiyo, akasema kumbe miaka yote yeye ni kuku.

Dawa aliyopewa ilikuwa kusimulia, atafute mtu mmoja anayemwamini, amweleze yote, polepole, mwanzo hadi mwisho, kila akieleza bila kudhurika mnyamazishaji anapata nguvu. Mtu mmoja, nani mwingine? Akamweleza wifi yake. Jioni nyingi walikaa wakichambua maharage, anaeleza kidogo, anaacha, Lyse anamfuta uso, anamwambia "nipe mimi nikushikie, wifi, wewe umebeba sana," na kweli, jamani, alilala, majirani wa kambini ni mashahidi, mwaka 2004 na 2005 Mama Anésie alilala mpaka jua linamkuta, akanenepa, akaanza kuimba kwaya.

Mwaka 2006 walikuja wageni kuhoji watu wa kupelekwa nchi ya tatu, na kila mtu alihojiwa peke yake. Lyse alitangulia. Siku chache baadaye akaitwa marehemu, akakaa kwenye kiti mbele ya watu wasiomjua, na kengele ikapigwa mno mpaka mwili ukazima, akaeleza usiku ule kwa macho makavu, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya dagaa, walipomuuliza kama ana hakika akajibu tu "ego," yaani ndiyo, ego, ego, na mwisho wakamwambia kwamba habari hiyo, na mlango huo, na maneno yaliyosemwa mlangoni, wameshaelezwa na mwenyewe, aliyelia mpaka akapewa maji, na kwamba kuchukua msiba wa mtu ni jambo baya.

Alitoka pale akiwa na jina. Kisimani wakamwita mwizi wa msiba, watoto wakamfuata wanaigiza anavyosema ego bila kulia, na usiku wake, ambao alikuwa amempa mtu mmoja, ukawa hadithi ya kambi nzima, wanaisimulia hadi leo kwa jina la Lyse. Mwaka 2007 Lyse akaondoka kwenda ng'ambo, marehemu akabaki. Siku ya safari, gari linanguruma, marehemu alimuuliza jambo moja tu, kwa nini, na Lyse akamjibu mbele ya mwanawe wa miaka kumi, "Wifi, wewe ungekauka tu, ingepotea bure. Mimi nimeililia." Dada Melania alipomwendea na kumsihi atafute mtu mwingine wa kumwambia, alisema, "Dawa yako nzuri sana, dada, chupa ndiyo inavuja." Ni mwaka huo alipoanza kutundika mfuniko.

Tarehe 18 Aprili 2009 alifunga ndoa na Mzee Martini wa Kalinzi, aliyekuwa akileta ndizi soko la kambini, wakahamia hapa Gungu, na usiku wa kwanza Mzee Martini alipoona mfuniko unaning'inizwa kwa kamba ya katani hakuuliza neno, kesho yake alileta nyundo akapigilia msumari. Marehemu alifanya kazi ya kuanika na kuuza dagaa Kibirizi kuanzia mwaka 2010, mkali wa usafi, mteja akilalamika alimjibu, "Dagaa wangu hawana mchanga, baba, mchanga umo kwenye maneno yako," na kwa kazi hiyo alimsomesha binti yake mpaka kidato cha nne, mwaka 2015.

Presha iligundulika mwaka 2010, sukari mwaka 2014, na tarehe 20 Agosti 2018 alipata kiharusi akiwa kwenye vichanja vya dagaa. Daktari alituambia wazi kwamba magonjwa haya yana sababu nyingi, hawezi kusema ni hili au lile, lakini mwili unaoamriwa kila usiku ujiandae kukimbia, miaka kumi na zaidi, moyo na mishipa vinachakaa, na sisi tuliolala naye chumba kimoja hatukuhitaji kuelezwa mara mbili. Wodini, sauti iliporudi nusu, alimwita binti yake, ambaye naye wakati huo alikuwa mjamzito, akamweleza usiku ule, wote, kwa mara ya mwisho, ulimi mzito, na alipomaliza alilala mchana kutwa, hata muuguzi akaja kuangalia kama anapumua. Tangu siku hiyo Iradukunda naye anashtuka usiku, anamgusa mtoto wake Esther kifuani, anaogopa kwamba kengele inarithiwa, ameshamuuliza Dada Melania, na Dada Melania amesema aje, watakaa kwenye kigoda kilekile.

Mauti yalimkuta njiani kupelekwa hospitali, akiwa na miaka arobaini na saba, kichwa kwenye mapaja ya Mzee Martini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia tangu Agosti, majirani waliosikia mfuniko wakaja wanakimbia, wengine pekupeku, wenzake wa Kibirizi walioacha dagaa mchangani mvua ikitishia, Dada Melania aliyesafiri kutoka Kasulu, na Mzee Martini, ambaye hakuwahi kuuliza.

Pole za Lyse kutoka ng'ambo zimefika, ni wifi, tumezipokea. Lakini ujumbe wake wa sauti, ule alioomba upigwe kwa spika mbele yenu, hautapigwa, kwa sababu Iradukunda ameusikiliza, Lyse analia humo vizuri, na unaanza na maneno "usiku ule mimi na wifi yangu." Babu Jeremia, nakuomba kwa heshima zote, simu ibaki mfukoni. Wapo watakaonuna, wapo watakaosema binti mdogo amewakosea wazee wa ukoo, naye anaogopa, lakini kilichochukuliwa kwa mama yake akiwa hai hakitachukuliwa mara ya pili akiwa kwenye jeneza. Na anayewasomea, kama mmemwona macho makavu tangu alipoanza, sauti bapa, msije mkasema kisimani kwamba hakumlilia mama yake. Kumbukeni kuku.

Mfuniko umerudi jikoni. Ndio uliofunika wali mtakaokula leo.

Lala, mama, mlango uko wazi na hakuna anayeingia. Ulichoniambia wodini kilifika kwa mtu mmoja kama ulivyotaka tangu mwanzo, nami naahidi tena, mbele ya hawa wote waliokuja kukisikia, sitamwambia mtu mwingine.