Kisimani Ipi?

Mkunga alikuwa amepakata begi lake ndani ya basi. Mume wa mjamzito mmoja asiyemjua alikuwa amempigia, “Mama, wahi Kisimani, uchungu umemshika,” kisha simu ikakatika, haipatikani tena.

“Ziko Kisimani tatu,” alimlalamikia fundi cherehani aliyekaa naye.

“Kisimani ni kwetu, mama. Hizo nyingine zimeiga.”

“Punguza majigambo, baba. Kwenu kuna mjamzito?”

“Wapo wanne!”

Watu wa Kisimani ndivyo walivyo, kila mmoja anaona yake iko peke yake duniani.

Basi likasimama, kondakta akaita: “Kisimani ya Chini, shukeni! Ya Juu na ya Relini, kaeni!”

“Shuka, mama, ndiyo kwetu,” fundi akahimiza.

“Na kama anajifungulia kule Juu?”

Fundi akawageukia abiria wa Juu: “Jamani, kwenu nako kuna mjamzito?”