Mama Mapazia, Mwenye Nyumba Aliyeishi Mbali Nayo

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mama Mapazia, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa kwanza kati ya watatu wa fundi viatu. Mimi ninayewasomea ndiye kitindamimba.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1982, kisha akajifunza ushonaji. Sare zangu zote za shule alishona yeye, na zote zilinipwaya. Alisema nitakua.

Mwaka 1991 alifunga ndoa na seremala mmoja mwenye utani mwingi. Walijaliwa binti, wakaishi nyumba nne za kupanga. Seremala alipofariki mwaka 2002, mwenye nyumba aliwapa wiki mbili wahame. Dada aliapa kwamba hatafukuzwa tena na mtu. Mwaka 2004 akaenda ughaibuni, akaajiriwa kufua mashuka ya hospitali.

Aprili 2010 benki ya hapa nyumbani ilimkopesha anunue nyumba hii, alipe kwa miaka kumi na sita. Sharti lilikuwa moja: hati ya mshahara wa huko ifike kila mwezi. Kazi ikikoma, nyumba inauzwa. Mdhamini nilikuwa mimi. Nilizunguka na simu chumba kwa chumba, naye akiniamrisha, "Hapo hapo, mdogo wangu, usitingishe!" Akashona mapazia kwa vipimo nilivyomtumia. Nilikuwa nimepima kioo tu, basi yakaishia juu kama kaptura. Alicheka sana. "Angalau safari hii hayapwayi," akasema.

Ili mkopo usimlemee, tuliweka wapangaji. Alikuja mara moja tu, mwaka 2014, kwa siku tisa. Alikaribishwa sebuleni kwake kama mgeni, akanywa chai, akaaga, akaja kulala kwangu.

Mwaka 2023 moyo ulianza kumsumbua, na daktari alimtaka aache kazi. Alinipigia.

"Mdogo wangu, nimechoka. Nirudi?"

"Vumilia, dada. Ukirudi sasa tunakosa vyote."

"Haya," akasema.

Niliogopa kwa sababu ya sahihi yangu. Nalisema hili mbele yenu kwa kuwa yeye hakuwahi kulisema. Alifariki tarehe 6 Mei 2025 katika chumba cha kubadilishia nguo kazini, akiwa bado na sare. Ilikuwa imebaki miezi kumi na mmoja.

Wiki iliyofuata afisa mikopo alinipigia kunipa pole. Akaeleza kwamba mkopaji akifariki, bima hulipa salio lote. Nyumba haidaiwi tena. Hilo lilikuwa kwenye mkataba niliousaini bila kuusoma, na kwa dada yangu ndiyo njia pekee ya kutoka iliyokuwamo.

Ameacha binti, mjukuu mmoja na wadogo zake wawili. Tunawashukuru wapangaji waliotupisha. Tangu jana mchana amelala sebuleni kwake, chini ya mapazia yake mafupi.

Pumzika kwa amani, dada. Jumatatu huna zamu.