Nyambura Amekufa Mara Mia Tatu

Pale Chaka, nyuma ya duka la dawa za mifugo, kuna benchi ambalo halijawahi kupoa. Mwenye birika ni Usman, na kahawa yake ya tangawizi huwatoa watu shambani na gambuti zao miguuni. Asubuhi hiyo Gathogo alikuwa amekaa katikati, kifua mbele, na kwa nini asivimbe? Ng'ombe wake, Nyambura, alikuwa amekataa mimba mara mbili, na mkewe Watiri alishaapa: ya tatu ikipotea, mchinjaji wa Kenol anakuja na lori. Lakini jana mchana Nyambura alishikwa na joto la kutaka ndume, na Daktari Tabby akaja na tableti yake, ile kompyuta bapa ya mkononi.

— Ati hiyo tableti ilifanya nini? — akauliza Theuri, fundi wa redio, wanayemwita Waya.

— Iliishi maisha ya Nyambura, — Gathogo akasema kwa sauti ya kanisani. — Mara elfu moja! Tabby aliandika umri, maziwa, na ule ugonjwa wa kiwele wa mwaka jana. Nikaona na macho yangu. Anazaa, anagonjeka, anapona. Mara mia tatu akakufa! Na yeye mwenyewe amesimama hapo kando anakula nyasi.

— Subhanallah, — Usman akasema, birika limebaki hewani.

— Na alijua amekufa? — Waya akauliza.

— Wapi! Alikuwa anatafuna tu.

Moffat aliwahi kuwa karani wa maziwa. Wanamwita Hansadi, kama ile kumbukumbu ya Bunge, maana yeye haongei, anatangaza.

— Na mbegu je? — akatangaza.

— Ikajaribu ndume hamsini. Wengine, ndama ilikuwa kubwa, mama akaumia. Ikachagua moja. Halafu Tabby akaniambia, "Mzee, AI imemaliza kazi."

Hapo Chaka hata mtoto anajua AI ni nini: ni mtu wa pikipiki, mtungi wa mbegu baridi, na glavu ya kufika begani.

— Bila glavu? — Waya akanong'ona.

— Hakuna mtu alimgusa!

— Wahenga walisema, — Hansadi akasimama, — asiyekuwepo na lake halipo. Ndume hayuko, na lake liko ndani!

— Hiyo inapita kwa hewa, — Waya akasema. — Dawa ya moto ni moto. Joto ya ng'ombe inazimwa na joto ya kompyuta.

— Basi hata ng'ombe ya jirani yangu Skuta inaweza kushika, — Usman akasema.

Hansadi akatoa simu mfukoni polepole, akaiweka mbali na mwili wake.

Gathogo hakucheka. Tangu jana alikuwa na mshangao usiokwisha. Nani amewahi kumfikiria mkulima wa Chaka mara elfu moja kwa alasiri moja?

Ndipo pikipiki ikasimama. Alikuwa Waweru, mtungi umefungwa nyuma.

— Mzee, Tabby alinitumia jina ya ndume jana. Nikangoja unipigie simu, wapi.

— Nikupigie ya nini? AI imemaliza.

Waweru akazima pikipiki.

— Hiyo ya Tabby ni ya kompyuta, ya kufikiria tu. AI ya kutia mbegu huku ni mimi peke yangu. Sasa, nani ametia?

Hansadi akamtazama Waya. Waya akamtazama Usman. Usman akatazama birika.

— Joto ilianza saa ngapi? — Waweru akauliza.

— Jana, — Gathogo akasema. — Saa nane.

Waweru akatazama jua, akahesabu kwa vidole, akaacha katikati.

— Panda. Hiyo joto haimalizi siku.

Gathogo akapanda, akamshika kiuno kwa mikono miwili.

— Kijana, tutamkuta bado na joto?

Waweru akawasha pikipiki.