Karoli Rugamba na Samaki Aliyemrudisha Mtoni

Wapendwa wafiwa, wachungaji, nanyi mliotoka Buffalo na Columbus, poleni kwa safari. Mimi ni Kanyana, dada mdogo wa marehemu. Kwetu kaka mkubwa tunamwita Yaya, na ndivyo nitakavyomwita, programu ya mazishi iandike inavyotaka. Nimeombwa nisome bila kulia. Kulia nitajizuia, kucheka siahidi.

Mzee Karoli Rugamba alizaliwa tarehe 12 Machi 1957 katika milima ya Minembwe, Kivu Kusini, mtoto wa kwanza wa Mzee Shami na Mama Mukabutera. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita, kisha baba akamkabidhi ng'ombe. Ng'ombe aliwajua kwa majina, na mama zao, na mama za mama zao. Samaki hakuwajua hata kidogo. Enzi hizo kwetu mlimani samaki hakuingia nyumbani. Mama alisema ataharibu harufu ya vibuyu vya maziwa.

Mwaka 1983 alimwoa Nyirabeza, wakajaliwa Muhoza na Isaro. Vita vilitutoa kwetu, tukaishi kambini Burundi miaka mingi, na tarehe 19 Februari 2009 tukafika Buffalo, theluji ikitufika magotini. Yaya alifanya kazi kiwandani miaka mitatu. Mwaka 2012 akahamia Louisville kufuata kazi ya ghala kule Jeffersontown, mimi nikabaki North Buffalo. Huko Louisville wenzake wa zamu wakampeleka mto Ohio, chini ya bwawa, kuvua yule samaki mkubwa wa mistari. Mtu wa miaka hamsini na mitano! Akanipigia simu: "Kanyana, nimepata mifugo ingine. Hii haiombi majani."

Wenzake walikuwa na sheria yao: samaki mkubwa hupigwa picha, kisha hurudishwa majini. Niliposikia nikasema huo ni wazimu. Unamtesa kiumbe kwa ndoano ili upate picha? Kama ni chakula, mle; kama si chakula, mwache kwao. Yaya naye hakuwafuata moja kwa moja. Samaki wa kutosha sufuria alimleta nyumbani, na Nyirabeza akajifunza kumkaanga, madirisha yote yakiwa wazi.

Sasa naona watu wa Columbus wameanza kutabasamu. Haya, tufike.

Mwaka 2015 Isaro alichumbiwa na Gloire, mtoto wa Mzee Bisimwa na Mama Cibalonza wa Columbus. Hao ni watu wa ziwani, wamemjua samaki kabla ya kujua kutembea. Mzee Bisimwa akatania kwenye simu kwamba wachunga ng'ombe watampa maziwa na pole. Yaya akaapa: "Mukwe, utakula samaki ambayo ziwa lako halijazaa!" Siku ya mahari ikapangwa Jumamosi tarehe 9 Mei. Mimi nikapanda basi kutoka Buffalo kuja kupika.

Alhamisi Yaya akaenda mtoni peke yake. Alirudi saa kumi jioni, nguo zimelowa hadi kifuani, ndoo tupu. Mimi nimeshakata vitunguu vya watu thelathini.

"Samaki iko wapi?"

"Niliipata. Toka kwa miguu yangu mpaka kwa mukaba. Bon, tumbo ilijaa mayai. Nikaishika mudomo ndani ya maji mpaka ikapata nguvu, nikaiachilia."

"Uliiachilia! Na wakwe?"

"Kanyana, ng'ombe yenye mimba, nani anachinjaka?"

"Samaki si ng'ombe! Hao serikali inawaletaka kwa lori, inawamwaga mtoni. Itamwaga wengine!"

"Hata kama. Mie niliona mama."

Picha? Hakuna. Simu aliiacha garini. Nikamwambia sisi tuliopanga foleni ya maharage kambini hatutupi chakula alichotoa Mungu. Kisha nikamwambia neno baya zaidi, mbele ya mke wake: kwamba samaki hakuwepo, alishindwa akatunga hadithi. Yaya akaenda kubadili nguo.

Jumamosi wakwe kumi na wanne walikula kuku. Yaya alisimama akawaeleza kama alivyonieleza mimi, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mama Cibalonza hakucheka. Aliuliza wazi wazi kama nyumba ambayo mzee wake anadanganya wakwe ni nyumba ya kuolea. Isaro akainamisha kichwa. Mzee Bisimwa akasema wamefuata binti, hawakufuata samaki, na mambo yakaendelea. Ndoa ilifungwa Agosti. Lakini kuanzia hapo, Columbus hadi Buffalo, Yaya aliitwa Mzee Niliiachilia. Alicheka pamoja nao. Siku moja tu aliniuliza: "Wao wacheke. Weye, unaniona mwongo?" Mimi nikauliza habari za hali ya hewa.

Machi 2016 figo zilianza kumsumbua. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, akiwatania wauguzi. Jumamosi tarehe 15 Oktoba Mzee Bisimwa aliendesha gari kutoka Columbus, akaketi kitandani kwa Yaya hospitalini, akamshika mkono. Nilikuwepo.

"Mukwe," akasema, "nilivua miaka makumi tatu. Donc, nimefikiri sana. Muvuvi mwongo anasemaka uzi ulikatika. Sisi wote tunasemaka hivyo, na hakuna mutu anatulaumu. Weye ulisema uliachilia kwa mukono yako, mbele ya wakwe wenye njaa. Aibu kama ile, mutu hawezi kujitungia." Kisha akaongeza: "Kule ziwani tulivua na vyandarua vya mbu, samaki mama na watoto wake pamoja. Hatukuwa na mutu kama weye."

Yaya alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini.

Aliaga dunia asubuhi ya Jumanne tarehe 18 Oktoba 2016, akiwa na miaka hamsini na tisa, mkono wake mkononi mwa Nyirabeza.

Ameacha mjane Nyirabeza, watoto wake Muhoza na Isaro, mkwe wake Gloire, mjukuu mmoja wa miezi minne, na mimi dada yake. Mzee Bisimwa alisema lake, akaondoka na moyo mweupe. Mimi nilibaki na siku tatu nzima kando ya kile kitanda. Nilimnywesha uji, nikamkunjia blanketi, na kila siku nikasema nitamwambia kesho, kwa sababu niliona haya. Basi nasema leo, mbele yenu wote.

Yaya, samaki alikuwepo. Lala salama mikononi mwa Bwana.