Shukrani za Wasukuma Magogo wa Tamarack, na Habari ya Ngoma Iliyopasuka

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Lucius Penhallow, Gavana wetu wa Wisconsin. Mabibi na mabwana wa Tamarack:

KARIBU SANA

Tumefurahi mno. Magavana wengine tumewaona pichani tu. Wewe umepanda mkokoteni hadi kambini, ukala maharage yetu wala hukuuliza nyama iko wapi. Ahsante.

MAFANIKIO

Ulitia saini sheria ya chapa za magogo. Sasa gogo letu tulilolisukuma mtoni likifika kwenye kinu cha kupasulia mbao linabaki letu. Wizi umepungua, na ngumi pia, ingawa za Jumamosi hatuziahidi.

TULIKOTOKA

Utaukumbuka mkutano wa chama wa kuteua mgombea ugavana. Kura zilirudiwa siku mbili bila mshindi. Kila kaunti yetu ilipoitwa itaje kura zake, wapinzani wako walipigisha bendi tusisikike. Mjumbe wetu, Ephraim Stackpole, akawafuata.

"Jamani, pumzisheni hiyo ngoma, mwenyekiti hasikii!"

"Akaoshe masikio! Rudi porini, wee mla maharage!"

Ephraim akaikanyaga ngoma kidogo tu, kama tunavyotuliza gogo linalozunguka majini. Alisahau kwamba amevaa viatu vyetu vya misumari. Mguu ukazama hadi gotini. Mpigaji, Bwana Gustav Lindner, akaanguka akavunjika mkono. Ukumbi mzima kimya. Ephraim, mguu ungali ndani ya ngoma, akaita: "Tamarack, kura zote nane, Penhallow!"

Ukateuliwa kwa kura hizo. Ulimshika mkono ukasema, "Bwana, wewe sitakusahau." Tulisikia sote, na tulifurahi.

CHANGAMOTO

Ephraim alifungwa miaka miwili kwa kosa la ghasia. Tunajua una mambo mengi. Bwana Lindner amepona, amemsamehe, na ndiye aliyekupigia ngoma uliposhuka.

OMBI

Tulikuwa na ombi la daraja na la shule. Tumeyafuta jana, tusije tukakuchosha. Limebaki moja, na uwezo wa kusamehe wafungwa ni wako peke yako. Mke wa Ephraim, Lovina, amekaa safu ya mbele. Alitukataza tusimtaje, tumeshindwa.

Mungu akupe afya, akurudishe salama kwa watu wako, na kila aliye mbali na kwao amrudishe vilevile.

Ni sisi, Wasukuma Magogo wa Mto Tamarack. Msomaji ni Josiah Treadway. Kila mmoja ametia saini yake mwenyewe, isipokuwa Ephraim Stackpole, aliyesainiwa na mkewe.