Mabaki na Picha ya Mama Aliyekunjua Kiganja

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Kama una kazi mkononi, endelea nayo, tutasemezana hivyohivyo. Leo tunamkumbuka mpiga picha. Hakuajiriwa na gazeti lolote. Alikuwa mpiga picha wa kujitegemea, na kujitegemea, kama wanavyojua waliojaribu, ni kumtegemea kila mtu.

Wenzake walimwita Mabaki. Mhariri akimtuma kwenye shughuli, yeye alipiga picha nyingi. Mhariri alichukua moja tu, ya mgeni rasmi akikata utepe. Zilizosalia alirudi nazo nyumbani. Mkewe akimuuliza habari za kazi, alijibu, "Nimerudi na mabaki." Basi, jina likamganda.

Mkewe ni fundi cherehani. Ametusimulia jinsi chumba chao kilivyojaa. Mikanda ya filamu ilikaa kwenye makopo ya maziwa ya unga, uvunguni mwa kitanda. Bahasha zilirundikwa juu ya kabati mpaka zikagusa dari. Anasema, "Nilikuwa namuuliza, baba watoto, mimi nimeolewa na mume au na stoo? Ananijibu, vumilia mama, huu ndio uzee wetu."

Uzee ukafika. Magoti yakaanza kumsumbua. Magazeti nayo yakaanza kutumia picha za simu, anazipiga mwandishi mwenyewe huku anaandika. Kazi zikakauka. Ndipo Mabaki akasema, nitauza mabaki.

Alizihamisha picha zake zote, hata za filamu, kwenye flashi moja ya kompyuta, zote kabisa, akapanda ngazi za chumba cha habari akipumzika kila kona. Akampa mhariri wa makala, mama mmoja wa harakaharaka, miwani yake haitulii puani. "Chagua unayotaka, mwanangu," akamwambia.

Mhariri akafungua. Picha ya kwanza ilikuwa na maelezo haya: Yule yule, siku ile. Ya pili: Pale pale, kabla. Ya tatu: Shemeji yake fundi saa, amenuna.

"Mzee wangu, yule yule ni nani?"

"Si yule!"

"Na pale pale ni wapi?"

"Pale, mwanangu. Kabla hawajabomoa."

Cheka tu, msikilizaji, hata mkewe anacheka. Mabaki aliandika maelezo yake kama mtu anayejiandikia mwenyewe. Yote aliyajua kwa moyo, akadhani na dunia inayajua. Akateremka ngazi amechoka kuliko alivyopanda. Kwenye gazeti la pili yakawa yaleyale. Kwenye la tatu hakupita hata mapokezi. Alikaa kwenye benchi mpaka wafagiaji wakamwomba ainue miguu.

Aliyemtoa huko ni binti yake, kifungua mimba, anayefanya kazi kwenye duka la fotokopi. Siku moja alirudi kazini akamkuta baba yake amekaa na viatu miguuni, hana nguvu ya kuvivua. Akamvua, kisha akampasulia ukweli. "Baba, unawapelekea gunia, na wao wanataka kibaba. Mhariri hana shida ya picha. Ana shida ya ukurasa wake wa Jumapili."

Binti huyu akaanza kusoma magazeti kwa jicho la muuzaji. Nani anashika ukurasa gani. Nani anapenda picha za zamani, nani anataka nyuso. Akatuma picha chache tu, zinazohusu jambo moja. Na hakungoja kupigiwa. Kama kumbukumbu ya kubomolewa kwa soko la zamani inakaribia, alimpigia mhariri mapema, kabla wengine hawajaikumbuka. Kila picha ikawa na maelezo yaliyonyooka: nani, wapi, lini, anafanya nini.

Lakini maelezo yalikuwa kichwani kwa baba. Basi kila jioni walikaa kwenye meza ya cherehani. Yule yule nani, Baba? Pale pale wapi? Mzee alijibu mpaka akachoka, akanung'unika, "Unanihoji kama polisi." Binti naye alikuwa amesimama dukani kutwa. Walinuniana, wakanywa chai, wakaendelea.

Ile ya soko la zamani ikakubaliwa. Gazeti lenyewe lilikuwa na picha za wageni rasmi tu. Mabaki alikuwa na wapagazi, na mashine ya kusaga, na watu waliokuja kumtazama mgeni wakachoka kusubiri. Zikajaza kurasa mbili za kati. Mzee alizitazama muda mrefu. "Magoti yamekwisha, ndipo wananiita," akasema. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Kuna maneno aliyoyachukia, wasikilizaji wapendwa. Ni yale mnayoyasoma kila siku chini ya picha: baadhi ya wananchi. Alikuwa akisema, "Hakuna mtu anayeitwa Baadhi. Huyu ana mama yake, na mama yake alimpa jina."

Sasa ikaja picha moja. Mama amekaa juu ya beseni lililopinduliwa, kando ya ukuta. Uso umechoka. Mkono mmoja ameunyosha mbele, kiganja wazi. Mhariri wa makala aliiona, akaitaka palepale. Alikuwa anaandaa mfululizo wa makala kuhusu umaskini, akaitaka iwe picha ya mbele, na nyingine nyingi zifuate. Mlango ambao Mabaki aliugonga kwa miaka ulikuwa umefunguka.

Mabaki akakataa. "Huyo sikumuuliza."

"Tuandike tu, mmoja wa wananchi," akasema binti.

"Akifanya nini?"

"Si anaomba, Baba."

"Umejuaje?"

Hata mzee mwenyewe hakujua. Siku ile alipiga picha kutoka ng'ambo ya barabara, mara gari la mgeni rasmi likafika, akakimbilia huko. Aliporudi, mama hayupo. Na sasa akashika fimbo kwenda kumtafuta. Ukuta haukuwepo, pamejengwa maduka. Aliuliza duka kwa duka. Akarudi amelowa jasho, na baada ya hapo kifua hakikumwachia tena.

Alilazwa. Mhariri akapiga simu tena, anataka jibu. Binti anasema, "Nilikuwa nimechoka mno. Hospitali, dukani, hospitali. Nikamjia juu baba yangu, mgonjwa vile. Nikamwambia, Baba, huyo mama huenda alishakufa zamani. Akaniambia, basi ndiyo kabisa. Hawezi kujitetea."

Hakutoa ruhusa. Siku chache baadaye, Mabaki akafariki dunia.

Msibani, binti alishindwa kukaa bure. Akazitandaza picha kwenye meza ya mama yake, zile zilizobaki bila maelezo, akashika kalamu. Majirani wakaja, wakainama. Huyu si kaka yetu mkubwa! Na huyu ni yule mpaka rangi aliyeanguka ngazi! Akawa anaandika, machozi yanamchuruzika, anaandika.

Fundi saa wa mtaani alikuja na shangazi yake, bibi mmoja aliyefua nguo za watu maisha yake yote. Bibi akaiokota picha moja, akaisogeza mbali na macho, halafu karibu.

"Mbona huyu mimi?"

Binti alimtazama, akatazama picha. Alikuwa ni yeye. Akapiga magoti mbele yake. "Shikamoo, bibi. Siku hiyo... ulikuwa unaomba?"

"Niombe nini, mjukuu wangu? Nilikuwa nimeanika nguo za watu. Napima kama mvua imeanza."

Binti akalia kilio ambacho hakukilia hata makaburini.

Alimpigia mhariri, akamweleza. Mhariri akasema basi, kwenye umaskini hiyo haifai. Hakuna aliyemlaumu. Lakini mvua za mwaka huu zilipoanza, alipiga simu mwenyewe. "Ile ya mama anayepima mvua, bado ipo?" Wiki iliyopita imetoka, kubwa, na jina la bibi chini yake, na kazi yake, na maneno matatu: akipima kama mvua... hapana, ni manne, akipima kama mvua imeanza. Mnisamehe, na mimi nimechoka leo.

Mabaki hakuiona. Binti yake anasema alilinunua gazeti, akatoka nalo mbio mpaka nusu ya njia ya hospitali. Ndipo akakumbuka.

Kwako mama fundi cherehani, kwako binti, na kwa wajukuu, redio hii inawapa pole. Mungu awape nguvu. Na sisi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, simu zetu zimejaa nyuso. Usiku wa leo fungua picha moja. Kama mwenye uso huo yuko hai, mpigie, umuulize siku ile alikuwa anafanya nini. Usipomuuliza, utamwandika unavyodhani.